Maneno Yake, Mdomo wa Mwingine: Geezer Butler wa Black Sabbath

Ahsanteni kwa kunikaribisha. Kabla sijaanza, naomba mikono. Nani anamjua mwimbaji wa Black Sabbath, ile bendi ya roki nzito ya Uingereza? Naam, karibu ukumbi mzima. Na aliyeandika maneno aliyokuwa akiyaimba mwimbaji huyo, Ozzy Osbourne? Mikono mitatu. Basi kazi tunayo.

Anaitwa Terence Butler, amezaliwa tarehe 17 Julai 1949 huko Aston, Birmingham, nchini Uingereza, katika familia ya Kikatoliki yenye asili ya Ireland. "Geezer" ni neno la vijiweni la Kiingereza, kama sisi tunavyosema "mshikaji". Alikuwa akimwita kila mtu hivyo tangu utotoni, mpaka jina likamrudia mwenyewe. Kabla muziki haujamlisha alikuwa akijifunza kazi ya uhasibu. Msicheke, mizimu ya roki nayo inahitaji mtu wa mahesabu.

Besi hakuianza mapema. Alikuwa mpiga gitaa la kusindikiza, na bendi ilipoundwa mwaka 1968 mpiga gitaa Tony Iommi hakutaka gitaa la pili. Butler akahamia besi, huku Jack Bruce, mpiga besi wa bendi ya Cream, akiwa ndiye mfano wake. Sikilizeni anavyopiga: badala ya kukaa chini kushika zamu na ngoma, anamfuata Iommi noti kwa noti, anavuta nyuzi mpaka sauti inapinda. Iommi alikuwa amekatika ncha za vidole viwili kiwandani, akawa analegeza nyuzi. Butler naye akalegeza zake. Ule uzito unaotutikisa kifua umetoka hapo.

Sasa tuje kwenye maneno, maana ndiyo yaliyonileta. Wenzake walimwachia kuandika kwa sababu yeye ndiye aliyependa vitabu. Ozzy anatafuta sauti ya kuimba, Butler anakwenda kutafuta maneno ya kuivisha. Katika wimbo "War Pigs", wa mwaka 1970, majenerali wanakusanyika kama wachawi kwenye kilinge chao. Beti ya kwanza inafunga kina kwa kurudia neno lilelile. Malenga wetu wa vina na mizani angemvuta kando amkemee! Lakini hasira iliyomo humo imebeba kosa lote. Na "Paranoid", ambayo watu huidhani ni siri ya moyo wa Ozzy, iliandikwa na Butler akiwa mwenyewe anaishi na sonona. Hapo ndipo ninapomstaajabia mtu huyu: unaandika maumivu yako, kisha unampa mwenzako akayalie mbele ya umati, wewe umesimama pembeni umeinamia nyuzi.

Na huyo wa pembeni ndiye aliyetiliwa shaka ya ushetani. Mavazi meusi, nywele ndefu, masharubu, msalaba kifuani. Kweli, ujanani alisoma mambo ya uchawi, akapaka chumba chake rangi nyeusi. Anasimulia kwamba usiku mmoja aliamka akaona umbo jeusi limesimama miguuni pa kitanda. Alikoma. Misalaba ile waliyovaa ilitengenezwa na baba yake Ozzy. Hata wimbo "N.I.B.", unaofunguliwa na besi yake peke yake, unamhusu Ibilisi aliyependa mwanamke akataka kubadilika. Watu walitafuta maana ya kutisha katika herufi hizo tatu, kumbe ulikuwa utani kuhusu ndevu za mpiga ngoma Bill Ward, zilizofanana na ncha ya kalamu, ambayo kwa Kiingereza huitwa "nib".

Ozzy alipoondolewa mwaka 1979 akaingia mwimbaji Ronnie James Dio, mtu mwenye maneno yake mwenyewe, na Butler akaweka kalamu chini bila kinyongo. Aliishika tena kwa ajili ya albamu ya "13" ya mwaka 2013, Ozzy akiwa amerudi.

Tarehe 5 Julai 2025 wanne wale wa mwanzo walipiga onyesho la mwisho Villa Park, uwanja wa Aston Villa, timu anayoishabikia tangu utotoni, jirani kabisa na alikokulia. Ozzy aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi. Siku 17 baadaye akafariki. Onyesho lile walilifunga kwa "Paranoid". Uwanja mzima uliimba maneno ya yule karani wa Aston, naye akiwa upande wake wa jukwaa, anapiga besi.