Bega Linauma, Kumbe Ni Bandama

Wahudumu wenzangu, hili la bandama kupasuka nalisema kila mwaka, na leo nalirudia kwa sababu watoto bado wanafikishwa kwetu wakiwa wamechelewa.

Mvulana wa miaka tisa alianguka na baiskeli, ncha ya usukani ikamdunga chini ya mbavu za kushoto. Hospitali ya kwanza alilalamikia bega. Wakalipiga picha, likaonekana zima, akapewa panadol na kuruhusiwa. Usiku mama yake akaona midomo imepauka, na mtoto hataki kulala chali kwa sababu bega linazidi kuuma. Alipofika kwetu nilimvua shati: duara jekundu la usukani, kama sarafu, lilikuwa pale pale. Hakuna aliyekuwa amemfunua!

Damu ya bandama iliyopasuka hupanda chini ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kukichokoza, na neva za kiwambo zinatoka shingoni pamoja na za bega. Ndiyo maana bega la kushoto linauma. Fungueni shati, jamani.

Yule mtoto alipona bila kisu. Najua mtauliza: kitu kimepasuka, unakiachaje? Madaktari wa watoto wa Toronto waliandika mwaka 1968 kwamba bandama za watoto zikipasuka huweza kuacha kuvuja damu zenyewe. Na tangu 1952 madaktari King na Shumacker walishatuonya juu ya maambukizi makali kwa watoto waliotolewa bandama. Kwa hiyo kinachoamua ni hali ya mgonjwa. Presha ikikataa kupanda hata baada ya kuongezewa damu, na ultrasaundi ikaonyesha damu tumboni, mpelekeni chumba cha upasuaji sasa hivi, msimpeleke CT scan. Presha ikitulia, subirini.

Lakini kusubiri ni kazi. Nani anapima mapigo saa tisa usiku? Damu ya kundi lake ipo? Daktari wa upasuaji anafikika? Kama hakuna, mpeni rufaa mapema angali na nguvu. Mtoto aliyelazwa bila mtu wa kumpima ametelekezwa.

Naona muda unanibana. Aliyetolewa bandama apate chanjo za nyumokokasi, meningokokasi na Hib, bakteria wanaoleta maambukizi hayo makali, kwa kawaida siku ya 14 baada ya upasuaji. Kama mnahofia hatarudi, achanjwe kabla hajaruhusiwa. Alale ndani ya chandarua, malaria kwake ni hatari zaidi. Akipata homa, aje siku hiyo hiyo. Mwandikieni haya kwenye kadi, na mama asomewe kabla hajatoka wodini.