Mbona ukuta umehama?

Mhadhara wa bustani ya mboga kwa wazazi wa shule moja ya msingi, Dar es Salaam. Umeandikwa kama ulivyosemwa.

Shikamooni wazee wangu. Na wengine wote, habari za asubuhi.

Nimepewa dakika arobaini. Walionisikia mwaka jana wanajua nitasema nini, na nawaona wawili pale nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitalirudia kwa sababu tangu siku ile nimepita kwenye nyumba zenu, nimekula ubwabwa wenu, na sijaona hata mmoja aliyefanya.

Mimi ni fundi picha. Harusi, sendoff, kipaimara, picha za pasipoti. Nilianza enzi za filamu, picha 36 na basi, ukikosea utajua siku ya kusafisha. Kilimo sikusomea. Kwa hiyo nikisimama hapa kuzungumzia bustani ya mboga, nazungumza kama mtu aliyeharibu mchicha. Mchicha, jamani! Kitu kinachojiotea jalalani bila kuombwa, ndani ya wiki nne kiko chunguni, mimi kilinishinda miezi mitatu mfululizo.

Ninachowaomba ni kimoja tu. Kabla hamjaniuliza mbegu gani na mbolea gani, tafuta mahali pa kusimama nyumbani kwako panapoonyesha bustani yote. Weka alama. Kila wiki, siku ileile, saa ileile, simama hapo upige picha moja. Usifagie kwanza. Usiondoe ndoo. Usiwafukuze watoto. Usingoje ipendeze.

Najua kuna mtu anasema moyoni, huyu anatafuta kazi. Sitaki kazi yako. Simu uliyoshika hapo, ambayo unadhani sikuoni unavyoichungulia, inatosha kabisa.

Basi nianze na ukuta.

Mwaka 2016 tulihamia nyumba yenye ua. Si mkubwa, hatua kumi na mbili kwa nane. Mama watoto akasema hapa tutalima mboga, nikasema sawa, mahali nitachagua mimi. Nikachagua kifundi picha. Ukuta wa upande wa kaskazini ulikuwa umepakwa chokaa nyeupe, nikaona kijani mbele ya chokaa kitatoka vizuri sana. Januari ile nikaliegesha tuta ukutani kabisa, upana mita 1, urefu mita 4. Samadi ya ng'ombe viroba viwili, nikamwaga mbegu za mchicha, nikatandaza nyasi kavu juu. Mwezi haujaisha tunachuma. Februari tunachuma. Machi nikaanza kutoa ushauri kwa majirani.

Picha ya kila wiki ilianza kwa ugomvi. Watoto walikuwa wanabishana nani kamwagilia zaidi, nikasema kila Jumapili tukirudi kanisani tunapiga picha moja, wote na bustani yetu, kesi iishe. Sasa kanisani tunarudi saa sita na ushei. Fundi picha yeyote atakwambia, saa sita mchana Dar es Salaam ni saa ya kulala. Jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo, pua inaweka kivuli mdomoni kama masharubu. Bibi harusi akiniambia tupige saa sita namwambia tukale kwanza. Lakini asubuhi mapema nyumbani kwangu watu wanagombea bafu, na jioni, mwanga ukiwa mzuri, mimi niko kwenye harusi za wenzangu. Ikabaki saa sita. Binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, akaweka alama kwenye kibaraza kwa rangi ya kucha ya mama yake, nyekundu, ndipo pa kusimama. Kila Jumapili nasimama pale kwa shingo upande, napiga picha ambayo ningemrudishia mteja hela yake.

Aprili mchicha ukaanza kurefuka. Nikafurahi. Kumbe kurefuka kule ni kama mtoto anayenyoosha shingo kwenye umati: shina jembamba, majani madogo, rangi ya chai ya maziwa. Nikasema ni masika, mvua imezidi. Mei nikasema udongo umechoka, nikaongeza samadi kiroba kizima, mchicha ukazidi kulala. Juni nikaanza kumwangalia mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi tangu Pasaka, na alikuwa na tabia ya kumwaga maji ya kufulia upande ule. Mkwe humwambii kitu, mnajua. Nikamwambia mama watoto. Mama watoto hakuongea na mimi siku mbili.

Likizo ya Juni ikafika. Binti yangu alikuwa ameng'oka meno ya mbele, na alitaka kuona jino jipya lilianza kuchomoza lini. Nikampa kompyuta, picha zote za Jumapili zimejipanga kwa tarehe, akawa anabonyeza moja baada ya nyingine, haraka haraka, kama sinema. Mimi nakunywa chai. Akaniita.

"Baba, mbona ukuta umehama?"

Nikamwambia ukuta hauhami. Akasema njoo uone. Nikaenda. Anabonyeza: Januari, tuta lote linang'aa. Februari, linang'aa. Machi, pale chini ya ukuta kuna mstari mweusi, mwembamba kama utepe. Katikati ya Aprili ule mstari umekula zaidi ya nusu ya tuta. Mwisho wa Mei hakuna tuta, kuna giza. Ukuta ulikuwa unaingia bustanini kwangu, Jumapili hadi Jumapili, mimi nimesimama pale pale nikilalamikia mwanga mbaya, na sikuona.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni, tukajibu mtihani, tukasahau: jua la saa sita halipiti njia moja mwaka mzima. Hapa Dar es Salaam, kuanzia wiki ya kwanza ya Machi mpaka wiki ya pili ya Oktoba linapita upande wa kaskazini wa utosi wetu. Miezi mingine linapita kusini. Zile siku linapovuka, simamisha kijiti saa sita na ushei, kivuli hukioni, kimeingia chini ya kijiti chenyewe. Wafanyieni watoto, watapenda. Mwezi Juni sasa, ukuta wa mita 2 unatupa kivuli cha zaidi ya mita 1 kwenda kusini, na hapo nasema saa sita, asubuhi na jioni kinakuwa kirefu zaidi. Tuta langu lilikuwa mita 1. Hesabu mnaweza. Ule mchicha haukuona jua hata dakika moja kwa wiki kadhaa, na mimi nazidisha samadi. Mwenye ndugu Songea amwambie kwake kivuli ni kirefu kuliko hicho.

Nikaenda kwa mama mkwe kumweleza, kwa namna ya kuomba msamaha bila kusema neno msamaha. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilijua. Dagaa zangu pale hazikauki." Nikamuuliza, sasa mama mbona hukusema? Akasema, "Hukuniuliza, mwanangu."

(Kicheko.)

Tulisogeza tuta hatua tatu. Agosti tukala mchicha. Samadi niliyokuwa nimeirundika ilikwenda kwenye bamia, na bamia zilinenepa mpaka aibu.

Kuna mzee aliniambia mwaka jana, mwanangu, kivuli si unakiona kwa macho, picha ya nini? Mzee wangu, macho yanaona leo. Kivuli kinasogea taratibu, leo kinafanana na jana, na wewe kila asubuhi unapita pale unatafuta funguo. Kingekuja kwa mkupuo ningekiona hata mimi.

Mwingine anasema, mimi napiga sana picha za bustani, nina mia tatu. Nimeziona. Ni nyanya. Nyanya moja imeiva, imenyunyiziwa maji, imepigwa kwa karibu sana mpaka hatujui iko kwako au kwa muuza genge. Kuna mmoja, simtaji, nyanya yake ilikuwa bado ina kipande cha mfuko wa plastiki. Picha ya mavuno haikufundishi kitu, inakuonyesha tu kwamba siku hiyo ulikuwa na bahati. Nataka picha ya wiki ile kuku waliingia. Nataka ile wiki mlisafiri mkarudi mkakuta vijiti.

"Nimepanga chumba na sebule, sina ua." Una ngazi? Una kordo yenye jua? Kiroba cha kilo 50, udongo na samadi, katikati weka kokoto kwenye kopo lisilo na kitako, kisha uvute kopo juu polepole unavyojaza, maji yapate njia ya kushuka. Ubavuni toboa matundu, kila tundu mche. Sukuma wiki, chainizi, figiri, zinakaa vizuri. Na kiroba kina faida kuliko tuta langu, kinahamishika.

"Genge liko mlangoni, fungu la mchicha halinisumbui." Sawa, nunua. Sikuja kukwambia utatajirika kwa mchicha. Lakini ni lini mara ya mwisho ulikaa na wanao nusu saa bila televisheni na bila kumuuliza mtu matokeo ya mtihani?

Na hapa niwe mkali kidogo, kwa kuwa tuko shuleni na walimu wananisikia. Wengi humu tunachukia jembe kwa sababu tulipewa jembe kama fimbo. Umechelewa, kachimbe kisiki. Umepiga kelele, kamwagilie bustani ya mwalimu. Halafu ukubwani tunashangaa kwa nini hatutaki kulima. Mtoto akikosea nyumbani, mnyime katuni, fanya unavyojua, ila usimpeleke bustanini. Mpe tuta lake, hata la kuweka kiatu, apande anachotaka. Wangu wa mwisho alipanda maharage na akaandika pembeni "USIGUSE BABA". Sikugusa. Yalikufa. Yapo kwenye picha, na kibao kipo.

Nilitaka kufika kwenye wadudu, lakini ngoja niseme hili kwanza. Mama mkwe alikuwa hapendi kupigwa picha. Ukiinua kamera anavuta khanga usoni, anageuka. Nimepiga harusi za watoto wake watatu, sina picha yake hata moja ya kusema hii ndiyo. Mwaka juzi alipofariki, wakaniambia wewe ndiye fundi, leta picha ya kuweka mbele. Nikatafuta usiku kucha. Nikaikuta kwenye zile mbaya za saa sita. Ameinama pembeni anachuma matembele, mkono mmoja umeshika majani, mwingine umeshika kiuno, anamwambia mtoto kitu. Nusu ya uso iko gizani. Nikaikata, nikaing'arisha nilivyoweza, ikachapwa kubwa. Watu walikuwa wanaipita wanasema, ni yeye huyu, ni yeye kabisa. Mwanga wenyewe hakuna aliyeuliza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Dakika ngapi? Tano! Haya.

Wadudu. Ukiona kitu kwenye jani usimpigie bwana shamba simu kumwelezea, "kuna vidoti". Mpigie picha tatu: mmea mzima, jani juu, jani chini, na weka sarafu pembeni ajue ukubwa. Chini ya jani ndiko wanakokaa vidukari na inzi weupe. Nyanya ikiwa na njia nyeupe nyeupe zilizochorwa ndani ya jani, hapo uliza kuhusu kantangaze, yule mdudu wa nyanya, na uulize leo, usingoje Jumamosi.

Matuta. Mnaona kwenye intaneti matuta yaliyoinuliwa kwa mbao, mazuri. Niliweka mbao. Mchwa wakala, hata asante hawakusema. Na mchanga wetu huu, tuta la juu kiangazi linakauka kabla hujarudisha ndoo. Kiangazi lizamishe, masika liinue.

Maji ya kisima yenye chumvi: spinachi inavumilia, maharage hayataki hata kusikia. Sasa mnajua yale ya mtoto yalikufa kwa nini.

Mbolea nimeiruka, mtaniuliza nje. Nyanya nayo nimeiruka, na anayeanza aiache kwanza. Anza na unachokula kila wiki.

La mwisho, pale mlangoni kuna kiroba cha marando ya matembele, nimeyakata jana jioni. Kila nyumba ichukue matano. Yaweke kivulini, yasipite kesho jioni, chimbia vifundo viwili au vitatu chini, vilivyobaki viachwe juu, maji kila asubuhi. Mwezi na kidogo mtaanza kuchuma. Na kabla hujachimbia, simama mahali pako upige ile picha ya kwanza, ya udongo mtupu. Mama, wewe mwenye gauni la bluu, umeshashika saba, rudisha mawili.