Flashi, paswedi na bakapu: tuache kumlaumu bi wa masjala

RAHMA: Assalaam aleikum wasikilizaji wetu, mlo Unguja, mlo Pemba na nyie wa ng'ambo, karibuni tena. Mimi Rahma, nipo na kaka Makame kama kawaida, leo hatuna mgeni mana mada hii ukimwita mtu wa ofisi yoyote aje aseme ukweli hatosema, anafikiria kibarua chake.

MAKAME: Waaleikum salaam. Hatosema kabisa, basi tutasema sisi. Leo usalama wa kompyuta, lakini huu wetu wa ofisi zenye kompyuta sita na printa moja, wa skuli, wa steshenari, wa gesti za Nungwi na Paje. Na mi naanza moja kwa moja, tatizo kubwa ni watumiaji. Unamwambia mtu usichomeke flashi ya nje, anachomeka. Unamwambia paswedi usimpe mwenzio, anampa. Unamwambia hiyo linki usiibonyeze, keshaibonyeza na keshaitupia kwenye grupu la ukoo.

RAHMA: Hapo ndo sikubaliani na wewe na leo ntakubishia mpaka mwisho. Mtu wa IT akianza kulaumu watumiaji ujue kuna kazi yake hajaifanya. Mtizame bi wa masjala. Bosi anataka barua sasa hivi, nakala kumi, tona imekwisha tokea wiki ilopita na hapana alonunua. Atafanya nini yule? Anaiweka barua kwenye flashi anakimbia nayo steshenari Darajani, na ile kompyuta ya pale tokea asubuhi imeshachomekwa flashi za wanafunzi wa chuo, mtu kaleta sivii, mwengine kadi ya harusi, mwengine risala ya mahafali, zote zimepita humo humo.

MAKAME: Angetuma kwa imeili akachapisha kule kule.

RAHMA: Kwa bando la nani? Na hiyo imeili ya ofisi umemfungulia?

MAKAME: Haya, hiyo nakuachia. Lakini hebu tuwaeleze watu ile virusi ya shotikati inavofanya, mana wanaiona kila siku na hawaifahamu. Flashi yako ina folda, tuseme inaitwa Barua. Ukiichomeka kwenye mashine iloambukizwa, virusi inaificha folda yako ya kweli, haiifuti, inaificha tu, halafu inaweka shotikati yenye jina lile lile Barua na picha ile ile ya folda, tofauti yake ni kimshale kidogo pembeni kwa chini. Wewe unabonyeza mara mbili, ile shotikati inaiendesha virusi kwanza halafu inakufungulia folda yako, barua zako unaziona zote zipo, utajuaje?

RAHMA: Umejijibu mwenyewe. Utajuaje.

MAKAME: Kwa kimshale.

RAHMA: Makame, bi wa masjala ana barua ya kukimbiza, hana muda wa kutizama vimshale! Ofisi moja nlofanya kazi tulichukua kompyuta kuukuu ilokuwa stoo, tukaitia Ubuntu, yani Linux ya bure badala ya Windows, tukaiweka kwenye meza karibu na mlango. Flashi yoyote inotoka nje inachomekwa pale kwanza. Virusi vile vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye Linux haviendi, unaviona vimekaa tu kama mafaili ya ajabu ajabu unavifuta, unachukua barua yako unaendelea. Haikutugharimu hata shilingi. Na hapana mtu aliyekaripiwa.

MAKAME: Hiyo nzuri, siibishii. Na nyie mlioficha... yani mliofichiwa mafaili, asikwambieni mtu eti flashi ifomatiwe na umlipe. Mafaili yapo. Kwenye mashine safi fungua lile dirisha jeusi la amri, kama flashi imesoma E unaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* halafu enta, unasubiri, folda zinarudi. Tutaiandika kwenye maelezo ya kipindi.

RAHMA: Sasa na mimi nkuulize, ile Windows ya kwenye kompyuta hizo sita imetoka wapi?

MAKAME: Aa, hapo umenigusa. Wallahi hili ndo linonikera kuliko yote. Ofisi inanunua laptopu mpya, inamwita kijana aje aitie programu, kijana anakuja na flashi yake ina Windows, ina Office, ina ile kitu ya kuvunja leseni, na maelekezo ya hiyo kitu sharti la kwanza kabisa yanakwambia zima antivirasi. Zima antivirasi! Yani unamfungulia mlango mtu usomjua, unampa haki zote za admin, yani mwenye mamlaka yote juu ya kompyuta, halafu baada ya hapo ofisi hiyo hiyo inatafuta bajeti ya antivirasi. Mi nasema bora utumie LibreOffice, programu ya kuandikia ya bure kihalali, kuliko Office ya kuvunja.

RAHMA: Watasema mafomu yanotoka makao makuu hayafunguki vizuri.

MAKAME: Mengi yanafunguka. Meza moja mbili zinokorofisha zinunulie leseni ya kweli, zilobaki tumia ya bure. Na ile Windows ya kuvunja wengi wanaizimia apdeti kabisa, wanaogopa Windows itajua ikagoma. Ndo mana unakuta mashine miaka mitatu haijapata apdeti hata moja. Na Windows 10 yenyewe Microsoft wameshaacha kuihudumia bure tokea tarehe 14 Oktoba 2025.

RAHMA: Na apdeti si jambo la kuchezea. Kumbukeni WannaCry, tarehe 12 Mei 2017, virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa, hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa, na kabla ya siku mbili tatu kwisha vimeshaingia nchi zaidi ya 150. Tundu walilopitia Microsoft walishalitolea kiraka tarehe 14 Machi, miezi miwili nyuma. Miezi miwili kiraka kipo bure, watu hawajakitia.

MAKAME: Lakini sema na upande wa pili. Mwezi mmoja baadae, tarehe 27 Juni 2017, ikaja NotPetya, na ile ilipita kwenye apdeti yenyewe. Kulikuwa na programu ya uhasibu Ukraine, watu wanajazia kodi, wabaya wakaingia kwenye seva, yani kompyuta kuu, ya kampuni ile wakatia sumu kwenye apdeti, kila alopakua kapakua na virusi.

RAHMA: Kweli, na kwa mtu wa IT ile ina darasa kubwa zaidi ya WannaCry. Mana ikishaingia kwenye mashine moja ilikuwa inachota paswedi zilobaki kwenye memori, ikikuta paswedi ya admin mkubwa basi inaingia nayo kwenye mashine nyengine zote, hata zile zilotiwa viraka. Sasa nyie mafundi mnaozunguka ofisini mnaingia kwenye kompyuta ya kila mtu kwa akaunti kubwa ile ile ya admin, eti mmtilie mtu printa, mnaiacha ile paswedi humo ndani. Muwe na akaunti mbili, ndogo ya kazi za kila siku, ile kubwa muiguse kwenye seva tu. Huyu bi wa masjala anahusika vipi hapo?

MAKAME: Hahusiki. Haya. Na ile habari ya Maersk wahadisie, mana ile mimi kila nikiikumbuka nasisimka.

RAHMA: Maersk si mnawajua, wale wa meli za makontena, Wadenmaki. NotPetya iliwaingia ikawafuta dunia nzima, kompyuta maelfu kwa maelfu, bandari zinasimama, malori foleni. Bakapu, yani nakala za akiba, za seva za kawaida walikuwa nazo. Lakini ile seva inoshika majina ya wafanyakazi wote na nani anaruhusiwa kuingia wapi, domeni kontrola, walikuwa nazo kama 150 zinanakiliana wenyewe kwa wenyewe, wakahisabu hiyo ndo bakapu tosha. Zikafutwa zote kwa mpigo. Bila ya ile huwezi kurudisha chochote. Wakatafuta weee, ikapatikana moja tu nzima. Ghana.

MAKAME: Kwa sababu gani, sema.

RAHMA: Kwa sababu umeme ulikatika! Kabla virusi havijafika umeme ulikatika ofisi ya Ghana, seva ikazima, virusi vilipopita havikuikuta. Na intaneti ya kule ilikuwa ndogo, kuinakili ile seva mpaka Uingereza, kulikokuwa kunafanywa kazi ya kurudisha mfumo, ingechukua siku, na wafanyakazi wa Ghana hapana alokuwa na viza ya Uingereza, basi mmoja akasafiri mpaka Nigeria akakutana na mwenzao uwanja wa ndege, akamkabidhi hadidiski mkononi, ndo ikapanda ndege. Kampuni kubwa kama ile, imeokolewa na hadidiski moja ndani ya mkoba wa mtu.

MAKAME: Na hapa ndo nataka niwaambie jambo watu wa IT wa Zanzibar. Sisi umeme tunaujua. 2008 tulikaa giza karibu mwezi mzima, halafu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa cha Unguja hakina umeme, waya wa chini ya bahari umekwisha. Kila duka likanunua jenereta. Basi mbona bakapu hatukununua? Umeme ukirudi kwa kishindo unachukua pawasaplai na hadidiski pamoja. Kuna na chumvi ya pwani, fungua kompyuta ya ofisi iliyo karibu na bahari, meno ya ramu, kile kipande cha memori, yashaota kutu ya kijani, unasugua na raba ya kufutia mpaka ing'are ndo iwake. Mashine za huku zinakufa mapema, hilo tunalijua sote, na bado ukiuliza bakapu iko wapi unaoneshwa hadidiski ya nje imewekwa juu ya seva yenyewe, imechomekwa muda wote.

RAHMA: Ikija virusi inafunga zote mbili. Ikivuja paa zinaroa zote mbili.

MAKAME: Enhe! Ofisi yenye tawi Chake au Wete ina bahati na haijui. Nunua diski mbili, ifungeni kwa paswedi ile inosafiri, moja ibaki Mjini imechomolewa, moja ipande boti iende Pemba, mwezi ukiisha zinabadilishana. Safari za kikazi zipo kila siku, kuna mtu anakwenda tu. Usiniambie klaudi, yani kuweka nakala mtandaoni, wakati intaneti yako ya kugawana watu ishirini. Ukiweza weka na klaudi, sawa, lakini mwezi Mei 2024 nyaya mbili za baharini zilikatika, EASSy na Seacom, nchi nzima intaneti ikawa ya kukokota, siku kama ile ndo ungerudisha seva kutoka klaudi?

RAHMA: Na muijaribu. Chukueni kompyuta tupu, rudisheni faili la mishahara la mwezi uliopita, lifunguke mulione kwa macho. Mimi nimeona ofisi, siitaji, bakapu inajiendesha kila usiku na taa ya kijani inawaka, siku ya kuhitajika folda ndani haina kitu, mtu alibadilisha jina la folda zamani na programu ikawa inanakili folda tupu. Mhasibu alikaa analia, na mkubwa wake anamuuliza yeye! Yule mhasibu bakapu kaijulia wapi? Hiyo kazi ilikuwa na mtu wake na hakupewa hata nusu siku kwa mwezi ya kuijaribu, mana kila akikaa anaitwa projekta haioneshi.

MAKAME: Hapo mi nabadilisha kidogo nlosema mwanzo. Si watumiaji wote. Wakubwa. Mkubwa ndo mwenye paswedi ya herufi nne, ndo asotaka kompyuta yake iwekewe masharti, na paswedi yake anayo katibu muhtasi, dereva na mwanawe.

RAHMA: Na ile sheria ya kubadilisha paswedi kila mwezi nani kaileta? Nyie.

MAKAME: Ni ya miaka mingi ile.

RAHMA: Miaka mingi na imeshafutwa. Bwana mmoja wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, anaitwa Bill Burr, ndo aloandika ule muongozo 2003, paswedi iwe na namba, alama, ibadilishwe kila baada ya muda. 2017 mwenyewe akasema hadharani anajutia, na NIST mwaka huo huo wakatoa muongozo mpya, usimlazimishe mtu kubadilisha mpaka kuwe na dalili imevuja. Mana watu wanafanyaje? Zanzibar1, mwezi wa pili Zanzibar2, mwezi wa tatu imebandikwa kwenye skrini kwa karatasi. Mpe mtu paswedi moja ndefu, maneno manne matano yasohusiana anoweza kuyakumbuka, mwachie, na mtilie hatua ya pili ya kuthibitisha kwenye simu.

MAKAME: Na kila mtu akaunti yake. Akaunti moja watu watano, pesa ikipotea utamuuliza nani.

RAHMA: Haya, kuna ujumbe wa sauti wa dada mmoja wa Wete, muda unakwisha. Anasema mamaake katumiwa meseji ya WhatsApp na namba ya shangazi yao, "samahani nimekosea nimekutumia namba ya tarakimu sita nirudishie", mama akamrudishia, sasa WhatsApp yake imemtoka na watu wanaombwa hela kwa jina lake.

MAKAME: Pole yake mama. Ile namba ndo ufunguo wa kuisajili WhatsApp yake kwenye simu nyengine, na huyo shangazi naye kashaibiwa kabla. Afute WhatsApp aitie upya, aingize namba yake, atapata tarakimu mpya kwa meseji ya kawaida, akiziingiza yule mwizi anatolewa. Ikimuomba pini asoijua ujue mwizi keshaweka yake, itambidi angojee siku saba, lakini mwizi ndani hayumo tena. Akisharudi aende kwenye mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, aweke pini yake.

RAHMA: Na kabla ya yote hayo, dada, piga simu ya kawaida, usitume meseji, mpigie shangazi, wapigie majirani na wenzake wa kijumbe, waambie asitume mtu hata shilingi mia. Fanya sasa hivi, kipindi utakimalizia baadae. Kwaherini.