Mrehani wa Dirishani

SOMOE: Karibuni barazani. Leo tuliwaahidi mnanaa, kotimiri na mrehani wa kwenye vyungu, kwa sisi tusio na ua. Lakini kwanza niseme la moyoni: mrehani wangu umeungua.

MFAUME: Ule wa dirishani? Unaonukia mpaka koridoni?

SOMOE: Huo huo. Jumatatu naamka, kingo za majani zimekuwa kahawia, ukizigusa zinavunjika. Katikati ya jani bado kijani kibichi. Na chungu kina tundu chini, maji hayatuami.

MFAUME: Dada, unamwagilia maji gani?

SOMOE: Ya kisima. Mpangaji wa Shangani, hapa Mtwara, atamwagilia yapi?

MFAUME: Basi ni chumvi. Mvua zetu ni msimu mmoja, mpaka Novemba au Desemba ndiyo zianze. Sasa Septemba, visima vya karibu na bahari vimeshuka na chumvi imekolea. Chunguni maji yanakauka, chumvi inabaki. Uani mvua ingeisafisha, dirishani nani ataisafisha?

SOMOE: Chai napikia maji hayo hayo. Haina chumvi.

MFAUME: Umeizoea!

SOMOE: Siku ya Idi ulikunywa kwangu ukaomba uongezewe. Ulisema nini?

MFAUME: Nilisema tangawizi imekolea.

SOMOE: Wasikilizaji mmemsikia. Tangawizi.

MFAUME: Niliheshimu nyumba ya watu. Haya, mdomoni mwa chungu kuna utando mweupe?

SOMOE: Upo.

MFAUME: Ukwangue kwa ukucha, uonje.

SOMOE: Ile ni chokaa. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, hata birika langu lina weupe huo ndani. Mimi nasema ni kusi. Dirisha linatazama bahari, upepo unaingia na rasharasha ya maji ya chumvi usiku kucha. Mchaichai uko pembeni ya kabati, unakunywa maji ya kisima kile kile, na haujaungua hata jani.

MFAUME: Mchaichai ni mgumu, mrehani una jani laini. Huwezi kulinganisha.

SOMOE: Na mnanaa je? Nao mgumu? Uko na mchaichai huko ndani, mzima.

MFAUME: Mnanaa uko kivulini, haunywi sana, chumvi haijajaa. Mwagia mrehani maji ya bomba, mara mbili ya ujazo wa chungu, yapite yote yatoke chini. Majani mapya yakija mazima, utaniambia.

SOMOE: Nitausogeza ndani hatua chache, maji yawe yale yale. Yakija mazima, wewe utaniambia.

MFAUME: Ukiusogeza utakosa jua. Mrehani unataka saa sita za jua.

SOMOE: Jua lenyewe linahama. Hapa kwetu mwishoni mwa Oktoba linapita utosini, kisha linakaa kusini mpaka Februari. Dirisha la kusini nalo ninalo.

MFAUME: Na kusi huingilia wapi?

SOMOE: Wakati huo kusi limeshakatika, kunavuma kaskazi!

MFAUME: Sikubali, dada.

SOMOE: Wala mimi.

MFAUME: Chai ile ilikuwa na chumvi.

SOMOE: Tangawizi! Jamani, tumebakiza dakika mbili, na kotimiri hatujaigusa.

MFAUME: Kotimiri iacheni, ina mambo mengi, joto likizidi inakimbilia maua. Niseme la visahani tu, hili haliwezi kungoja. Maji yanayobaki kwenye kisahani chini ya chungu yamwageni, na kisahani mkisugue. Mbu wa homa ya dengi anabandika mayai ukingoni, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanakaa makavu miezi bila kufa. Kumwaga peke yake hakutoshi.

SOMOE: Hilo tumekubaliana. Mnanaa na kotimiri...

MFAUME: Kipindi kijacho. Fundi anatukatia.