Dafu la Mjomba

SWABRA: Assalam aleikum wasikizaji. Athman, leo usinichekeshe. Nimeandika mambo matano ya kumtunza mtu wa mashine ya figo.

ATHMAN: Waaleikum salaam. Swabra akishaandika, tumekwisha. Haya, Jumanne kulikuwa na nini?

SWABRA: Nilimpeleka Mjomba. Mnamjua, ndiye aliyeingia humu akatuzimia feni. Kapanda mizani: kilo nne na nusu zaidi ya alivyotoka Ijumaa.

ATHMAN: Kanenepa, mashallah.

SWABRA: Kanenepa nini! Maji hayo. Lita moja ni kilo moja, na mkojo wake sasa ni matone. Ukimbonyeza mguu, shimo la kidole linabaki. Nesi akamuuliza, "Mzee, umekunywa nini?" Akasema chai, kikombe kimoja. Nami naliona shati lake lina doa la dafu.

ATHMAN: Ah! Doa la dafu halina wakili.

SWABRA: Wewe cheka. Saa ya tatu kwenye mashine mashavu ya miguu yakamkaza, presha ikashuka, jasho. Mashine ina saa nne tu kuvuta maji ya siku nne. Nesi akapunguza kasi, mengine yakabaki.

ATHMAN: Lakini yakhe, dafu si husafisha figo? Bibi yangu...

SWABRA: Bibi yako alikuwa na figo! Zilizo nzima huchuja kama lita 180 kwa siku, zikarudisha karibu zote. Potasiamu, madini ya kwenye chakula, ikizidi, zinaitoa kwa mkojo. Dafu limejaa potasiamu. Mjomba akinywa, inabaki kwenye damu, na ikipanda sana moyo unapoteza mapigo. Husimama, Athman.

ATHMAN: Na ndizi?

SWABRA: Ndizi, mabuyu, ukwaju. Viazi uvichemshe kwa maji mengi, umwage.

ATHMAN: Na birimbi za achari?

SWABRA: Birimbi hata kwa mzima usinywe juisi yake kwa glasi! Ina kemikali ya oksaleti, huua figo. Sasa nilikuwa wapi... jambo la kwanza, mkono.

ATHMAN: Ngoja, kwanza dafu. Ulifanyaje?

SWABRA: Nilikwenda kwa yule kijana wa mkokoteni pale kona. Nikamwambia, huyu mzee usimuuzie tena.

ATHMAN: Swabra! Umemshtaki Mjomba kwa muuza madafu? Kama mtoto aliyetoroka chuoni?

SWABRA: Naam.

ATHMAN: Mtu mzima wa miaka 67. Kaacha achari, kaacha muhogo, maji anapimiwa kwa kikombe. Sasa kijana wa mkokoteni atamwambia mbele za watu, "Mzee, umekatazwa." Hilo si tunzo, ni aibu.

SWABRA: Aibu haisimamishi moyo.

ATHMAN: Mweleze ukweli wote, kisha achague mwenyewe.

SWABRA: Kaelezwa na daktari, na nesi, na mimi. Na akianguka usiku, anayetafuta tuktuk ni nani? Wewe?

ATHMAN: Mimi nitakuja. Ila nakwambia, uliteleza.

SWABRA: Sikuteleza.

ATHMAN: (kimya) Haya. Mkono.

SWABRA: Mkono wenye fistula, ile mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine, haupimwi presha, hautolewi damu, haulaliwi. Majuzi kliniki moja kijana keshaufunga kitambaa cha presha, nikapiga kelele watu wote wakageuka. Kila asubuhi aweke vidole pale: unasikia inavuma, kama simu iliyozimwa sauti. Ikinyamaza, hospitali siku hiyohiyo, si kungoja zamu.

ATHMAN: Watoto wa chuo wako mlangoni, wanataka chumba chao.

SWABRA: Na bado manne!

ATHMAN: Dafu limeyanywa.

SWABRA: Na mwenye mrija wa mashine shingoni, usiingie maji, jamani! Na msiruke zamu hata akijihisi mzima...

ATHMAN: Mlango, Swabra. Msalimie Mjomba. Mwambie nilimtetea.

SWABRA: Simwambii.