Spea ya ndege: kuingia siyo kuwa ndiyo yenyewe

Assalaam alaykum, karibuni. Leo tupo Kisauni, kiwanja cha ndege cha Unguja, mbele ya Caravan, ndege ndogo kama hizi ziendazo Pemba.

Kabla hujashika spana, piga picha: bolti imeelekea wapi, waya umepita upande gani wa bomba. Kila bomba ufungualo lizibe mdomo, ulifungie karatasi yenye jina la linapoingia. Kwa chumvi hii ya pwani, usiliache wazi hata muda wa chai.

Sasa namba. Kwenye katalogi ya spea usitazame picha tu, tazama na safu ya namba za ndege, inayokwambia spea hiyo ni ya ndege zipi. Spea ya ndege za mwanzo na ya zilizofuata huweza kuwa pacha kwa macho. Namba ya katalogi, ya cheti na ya spea yenyewe zisome kwa sauti mpaka herufi ya mwisho.

Usilinganishe na kuukuu uliyoitoa. Mwaka 1990 kioo cha mbele cha ndege ya Uingereza kiling'oka angani, rubani akavutwa nusu mwili nje, alinusurika. Bolti 84 kati ya 90 zilizokifunga zilikuwa nyembamba kuliko zitakiwazo, kwa tofauti ya chini ya milimita moja. Zilichaguliwa kwa kulinganishwa na za zamani, na hizo nazo hazikuwa zile za katalogi.

Sogeza kamera hapa. Oringi mbili, pete za mpira za kuzuia mafuta yasivuje, zote nyeusi, ukubwa mmoja. Hii ni ya mafuta mekundu ya breki. Hii ya mafuta ya zambarau ya ndege kubwa. Ukiitia hii ya pili kwenye mafuta mekundu inavimba, inalainika, breki inavuja. Mfuko usiuchane mpaka unaifunga khasa: namba na tarehe zipo mfukoni, kwenye mpira hamna kitu.

Valvu ya njia moja ina mshale. Ufuate mafuta yanakokwenda, siyo ukutazame wewe ili usomeke vizuri. Nyuzi za ncha mbili zikiwa sawa, itakubali kinyume bila kulalamika.

Ukigusa kebo za eleroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyopanda na kushuka, kaa kiti cha rubani, shika usukani dole gumba juu, zungusha kulia. Gumba linaonesha upande ambao eleroni lazima ipande. Ya kushoto ishuke. Anayesimama nje usimuulize "inakwenda?" Hata kebo zikipishana itakwenda. Muulize "ya kulia ipo juu au chini?" Kisha fundi mwengine, asiyeshiriki kufunga, arudie yote mwenyewe. Saini yake kwanza, vifuniko baadaye.