Mkopo wa Mama na Siku Elfu Moja za Mtoto

Ndugu Mwenyekiti, maafisa maendeleo ya jamii mliotoka katika halmashauri zetu, viongozi wa vikoba, yaani vikundi vyetu vya kuweka akiba na kukopeshana, wanafunzi, mabibi na mabwana. Ninashukuru kwa kupewa nafasi ya kuzungumza nanyi hapa Mbeya. Nimeombwa nieleze utafiti unasema nini kuhusu mitaji midogo ya wanawake na kuhusu makuzi ya watoto wadogo. Nilipoyatafakari mambo haya mawili niliona siwezi kuyatenganisha, kwa sababu mwanamke anayekopa na mwanamke anayenyonyesha mara nyingi ni mtu yuleyule, na saa anazozitumia kutafuta marejesho ndizo saa ambazo mtoto wake anazihitaji.

Niruhusuni nianze na mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika mkoa wa Iringa kiwango hicho kilikuwa asilimia 56.9, Njombe asilimia 50.4 na Rukwa asilimia 49.8. Mikoa hiyo mitatu ndiyo iliyoongoza nchi nzima, na ndiyo hiyohiyo inayojaza malori ya mahindi na viazi yanayoteremka kwenda Dar es Salaam kila msimu. Mtoto anahesabiwa kuwa amedumaa pale urefu wake unapopungua sana ukilinganishwa na viwango vya umri wake vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani, lakini kimo ni alama tu inayoonekana kwa macho. Upungufu uliomzuia kurefuka umegusa pia ubongo wake, na ubongo hauna subira: mtoto anapotimiza miaka miwili, ubongo wake umekwisha kufikia takribani asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza siku elfu moja za mwanzo, yaani siku 270 za ujauzito pamoja na siku 730 za miaka miwili inayofuata.

Kwa nini basi tudumaze watoto ilhali ghala limejaa? Wataalamu wa lishe wametaja mambo kadhaa: mlo wa aina moja unaotegemea mahindi, idadi ndogo ya milo ya mtoto kwa siku, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, katika nafaka zilizohifadhiwa vibaya, kuhara kwa mara kwa mara, na mzigo wa kazi wa mama. Mengine yote yana miongozo yake na mabango yake katika zahanati zetu. Hilo la mwisho huandikwa mstari mmoja, kisha tunafunua ukurasa.

Mtazameni mama anayeuza ndizi za Rungwe katika soko la Mwanjelwa. Lazima awepo gari la mzigo linapofika, alfajiri ambayo mwezi wa Julai hapa kwetu ina baridi kali. Ana mtoto wa miezi minane. Akimbeba mgongoni, mtoto atashinda amefungwa kitenge, akitazama mgongo wa mama yake hadi jioni. Akimwacha nyumbani, atamwachia binti wa jirani au dada yake wa darasa la pili, pamoja na chupa ya chai iliyojazwa uji wa sembe, nao hupikwa mwepesi ili usigande chupani. Uji huo unajaza tumbo na haulishi. Saa zote hizo hakuna mtu mzima anayezungumza na mtoto, anayemjibu anapotoa sauti, wala anayemfuata macho anapoonyesha kitu kwa kidole. Mwanamke aliyeajiriwa rasmi analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayompa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Mama huyu wa ndizi hana mwajiri, kwa hiyo hana likizo, na mara nyingi ana deni.

Nije sasa kwenye deni lenyewe. Historia ya mikopo midogo ya kisasa husimuliwa kuanzia kijiji cha Jobra nchini Bangladesh, ambako mwaka 1976 Muhammad Yunus aliwakopesha watu 42 jumla ya dola 27. Mpango wake ukawa benki ya Grameen mwaka 1983, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Chimbuko la vikoba vyetu, hata hivyo, liko karibu zaidi: ni Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuwasaidia wanawake wa vijijini kuweka akiba zao wenyewe na kukopeshana kutokana na akiba hizo. Wengi wenu mnaujua utaratibu huo kuliko mimi: hisa, mfuko wa jamii, sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu, faini ya kuchelewa kikaoni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi na kuviweka katika daraja la nne la watoa huduma hizo. Halmashauri nazo zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Nje ya mifumo hiyo wapo wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kuumiza, ambao habari zao hazihitaji mhadhara.

Je, mikopo hii inafanya kazi? Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita zilizofanywa Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, zote zikilinganisha watu au maeneo yaliyofikiwa na mikopo na yale ambayo hayakufikiwa, baada ya kuyagawa kwa bahati nasibu. Jibu lao lilikuwa la wastani. Biashara za baadhi ya wakopaji zilikua, na familia zilipata uhuru zaidi wa kupanga matumizi na kukabili misukosuko, lakini kipato cha kawaida cha kaya hakikupanda kwa kiwango cha kubadilisha maisha, na ushahidi kwamba faida ilifika kwa watoto, kwa mfano katika elimu yao, ulikuwa hafifu. Mimi sisomi matokeo hayo kama hukumu dhidi ya mikopo. Ninayasoma kama onyo kwa sisi tunaodhani kwamba fedha ikishamfikia mama, mtoto naye atakuwa amefikiwa.

Upo utafiti mwingine ambao ningependa kila mtunza hazina aliyemo humu aufahamu. Huko Kolkata, India, watafiti waliwagawa wakopaji wanawake katika makundi mawili: kundi moja lilianza marejesho wiki mbili baada ya kupokea mkopo, kama ilivyo desturi, na la pili lilipewa miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza. Waliopewa nafasi waliwekeza zaidi katika biashara, na takribani miaka mitatu baadaye faida zao zilikuwa juu kwa asilimia 41 hivi kuliko za wenzao. Tuseme kweli yote: walioshindwa kulipa kwa wakati nao waliongezeka. Kwa hiyo nafasi ya kupumua ina gharama, na kikundi kinachotaka kuitoa hakina budi kujiwekea akiba ya kufidia. Utafiti ule haukupima watoto, lakini unathibitisha kwamba ratiba ya marejesho si sheria ya maumbile. Sisi ndio tulioipanga, na tunaweza kuipanga upya kwa ajili ya mwanachama aliyejifungua.

Upande wa mtoto, hakuna utafiti ulionigusa kama ule wa Jamaica. Kati ya mwaka 1986 na 1987, timu ya Profesa Sally Grantham-McGregor iliwapata watoto 129 waliodumaa katika mitaa maskini ya Kingston, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Waligawanywa makundi manne: waliopewa maziwa ya lishe, waliotembelewa nyumbani, waliopata vyote viwili, na wasiopata kimojawapo. Wageni waliowatembelea hawakuwa madaktari wala walimu. Walikuwa wahudumu wa afya ya jamii, waliokaa na mama na mtoto saa moja kila wiki kwa miaka miwili, wakimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa kutumia vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani. Miaka 20 baadaye watafiti waliwatafuta watoto wale, ambao sasa walikuwa watu wazima, na wakakuta waliotembelewa wanapata kipato kilichozidi kwa asilimia 25 kile cha wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Maziwa peke yake hayakuacha alama ya namna hiyo katika kipato.

Tafadhali lisitoke hapa neno kwamba lishe haina maana. Mtoto wa Makete au Mufindi anahitaji yai, dagaa na mboga kabla ya hotuba yangu. Ninachosema ni kwamba mama akirudi nyumbani na fedha ya yai, na akawa hana hata robo saa ya kuongea na mwanawe, tumefanya nusu ya kazi. Taifa letu limekwisha kulikubali hilo, kwani Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja pamoja afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Lililobaki ni kuyafikisha hayo mahali ambapo mama yupo, na mama yupo sokoni na kikobani.

Mwenyekiti, ninapendekeza hatua ambazo hazihitaji mfadhili kutoka mbali. Katika mtaa wa Korogocho, Nairobi, wanawake waliogharimiwa malezi ya mchana ya watoto wao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kazini, kwa pointi 8.5 za asilimia, kuliko ambao hawakugharimiwa. Masoko yetu makubwa hukusanya ushuru kila siku; sehemu ya ushuru huo inaweza kulipia chumba kisafi na walezi wawili waliofunzwa, chini ya usimamizi wa afisa ustawi wa jamii. Vikundi vinaweza kumsogezea mwanachama aliyejifungua rejesho lake kwa miezi miwili bila faini. Akina baba wanaokuja kuomba saini za mikopo ya wake zao nao waitwe kwenye mazungumzo ya malezi, maana mtoto wa miezi minane anafurahia sauti ya baba yake vilevile.

Lakini kabla ya yote tunahitaji takwimu zetu wenyewe. Daftari za vikoba zinaandika hisa, mikopo na marejesho kwa uaminifu mkubwa, na haziandiki kama mkopaji ana mtoto wa chini ya miaka miwili, nani anabaki naye, na kadi yake ya kliniki inaonyesha nini. Tukiongeza safu hizo, kwa ridhaa ya mama na kwa kutunza siri zake, baada ya mizunguko michache tutaweza kuona kama mikopo yetu inawafikia watoto au inaishia mlangoni. Watunza hazina mliokuja na daftari zenu, ninawaomba msiondoke mara moja. Nimekuja na mfano wa safu hizo, na ningependa mniambie palipo pagumu kujaza.